Wimbo ni Pambo au ni Kazi? Uhakiki wa Filamu ya The Sound of Music

Mwalimu mwenzangu, huenda umewahi kuwaonyesha wanafunzi wako filamu ya The Sound of Music (1965), iliyoongozwa na Robert Wise, kisha ukawaambia kuwa hicho ni kisa cha kweli. Nakuomba usikomee hapo.

Filamu inasawiri jumba la kifahari la Kapteni Georg von Trapp wa Austria, mgane mwenye watoto saba. Maria, mwanagenzi wa utawa, analetwa kuwalea na anaurejesha wimbo nyumbani. Humo wimbo ni pambo na dawa ya huzuni. Hauhusiani na chakula. Kapteni anakataa watoto wake kuimba hadharani kwa fahari ya ukoo, na hatimaye wanapopanda jukwaani Salzburg, ni hila ya kuwatoroka Wanazi.

Historia inasema vingine. Maria alifika mwaka 1926 kumfundisha mtoto mmoja, akaolewa mwaka 1927. Miaka ya 1930 benki ilianguka na karibu mali yote ikapotea. Watumishi wengi waliachishwa kazi, vyumba vikapangishwa, na padri Franz Wasner akawanoa wakawa kwaya. Mwaka 1938 waliondoka kwa garimoshi kuelekea Italia. Hawakuvuka milima kwa miguu. Huko Marekani, kuimba ndiko kulikowalisha.

Je, watunzi wamekosea? La hasha. Msanii ana uhuru wa kuchagua na kuacha. Linalotuhusu sisi wahakiki ni kile kilichoachwa, yaani jasho. Mwanafunzi wa Thika au Ruiru, ambaye huenda mzazi wake ni kibarua katika mashamba ya mananasi au kiwandani, anaweza kuondoka akiamini kuwa wimbo ni anasa ya wenye nafasi. Ilhali fasihi simulizi yetu ina hodiya, wawe na kimai, nyimbo zinazoimbwa kazini. Naye Siti binti Saad, aliyezaliwa katika ufukara huko Fumba, Unguja, na kuuza vyungu, aliinuliwa na sauti yake hadi kurekodi santuri Bombay mwaka 1928.

Basi, utakapoionyesha filamu hii tena, itazame na darasa lako kwa furaha, kwani ni kazi nzuri. Kisha waulize: katika jumba hili, nani anafua, nani anapika, na nani analipwa kwa kuimba? Majibu yao yatakuonyesha kama wameanza kuhakiki au bado wanasimulia tu.