Moyo Umesaidiwa, Mguu Je?

Ukikutana na utafiti wa ECLS-SHOCK, uliotoka mwaka 2023 kwenye New England Journal of Medicine, usiishie kwenye mstari wa vifo. Shuka mpaka kwenye madhara.

Watafiti, wengi wao wa Ujerumani, walichukua wagonjwa zaidi ya 400 waliopata mshtuko wa moyo, moyo ukashindwa kusukuma damu. Nusu waliwekwa mapema kwenye ECMO, ile mashine inayotoa damu nje ya mwili, kuitia oksijeni na kuirudisha. Baada ya siku 30 walikuwa wamekufa asilimia 47.8, na kwa wenzao wa matibabu ya kawaida 49.0. Yaani ngoma droo. Lakini matatizo ya mishipa yaliyohitaji upasuaji au kuzibuliwa yalikuwa asilimia 11.0 kwa 3.8.

Kwa nini mguu? Kwa sababu mrija wa kurudisha damu hupita kinenani, kwenye ateri ya paja. Mrija una upana wa milimita 5 au zaidi, na ateri yenyewe mara nyingi haifiki sentimita moja. Damu inasukumwa kwenda juu. Mguu unabaki na kile kinachopenya pembeni. Ongeza dawa za kupandisha presha, zinazobana mishipa, na mgonjwa aliyelazwa usingizi ambaye hawezi kukwambia mguu unamuuma. Muuguzi asipogusa unyayo na kusikiliza kwa Doppler mara kwa mara, saa sita hivi zinatosha misuli kuanza kufa. Kuna mrija mwembamba wa kulisha mguu, na wengi waliwekewa. Bado ikawa 11.

Hapa ndipo nina ugomvi na kipimo chao kikuu. "Hai siku ya 30" humhesabu sawa anayetembea na aliyekatwa mguu.

Sasa soma DanGer ya 2024, ya pampu ndogo ya Impella, nayo hupita pajani. Miguu iliyokosa damu: asilimia 5.6 kwa 1.1. Vifo siku ya 180: 45.8 kwa 58.5. Hapo angalau gharama ilileta kitu. Ila usilinganishe kichwakichwa, maana DanGer haikuchukua waliobaki kwenye koma baada ya moyo kusimama, wakati kwenye ECLS-SHOCK zaidi ya robo tatu walikuwa wameshakandamizwa kifua wakafufuliwa. Kwa hiyo namba za vifo pale huenda zinaongelea zaidi ubongo ulioumia kabla mashine haijafika. Tofauti ya miguu, hiyo ni ya mrija.