Hansberry na Fisi Aliyefikiri Sana

Ukimtaja Lorraine Hansberry, watu watakujibu kwa tamthilia moja tu: A Raisin in the Sun. Sawa, ni kubwa. Mwaka 1959, akiwa na miaka 28, ilimfanya mwanamke Mweusi wa kwanza kuandika mchezo ukaigizwa Broadway. Na mambo yenyewe aliyaishi: babake alinunua nyumba kwenye mtaa wa Wazungu Chicago, umati ukawavamia, na kesi ikafika hadi Mahakama ya Juu ya Marekani.

Lakini mimi nitabisha. Mchezo wake wenye ujasiri zaidi ni Les Blancs.

Tshembe anarudi Afrika kumzika babake. Uingereza ameacha mke Mzungu na mtoto, na anachotaka ni kuzika, basi, arudi. Nchi ni ya kubuni, ila Mkenya hahitaji kuambiwa: masetla, misheni, wapiganaji wa msituni. Hansberry alishaandika kuhusu Kenya katika Freedom, gazeti la Paul Robeson, Hali ya Hatari ilipotangazwa hapa.

Kisha kuna kisa cha Modingo, fisi mwenye busara. Tembo wanataka ardhi zaidi, fisi wanasema walikuwepo kwanza. Modingo anaomba muda asikilize pande zote mbili. Anafikiri, anafikiri, na tembo wanachukua kila kitu. Ndiyo maana kicheko cha fisi ni kichungu hivyo. Sisi tunaoandika nyuzi ndefu mtandaoni kisha tukalala, jamani, hapo tunaguswa pabaya.

Kasoro zipo. Charlie, mwanahabari Mmarekani, anaongea mno, na kuna pahali wahusika wanahutubiana badala ya kuzungumza. Hansberry alikufa kwa saratani Januari 1965, miaka 34 tu, mchezo bado haujakamilika. Robert Nemiroff, aliyekuwa mumewe, ndiye aliyeuunga hadi ukaigizwa mwaka 1970. Mishono inaonekana.

Bado naupenda zaidi, kwa sababu haumpi Tshembe njia rahisi. Hansberry angeweza kumfanya amuue setla fulani mwovu, ukumbi ushangilie, twende nyumbani. Badala yake anamuua Abioseh, ndugu yake wa damu, aliyechagua kuwa padri na kuwauza wapiganaji. Halafu analia. Mimi nilifunga kitabu nikakosa wa kumshangilia.