Miungu ya Uongo na Askari Aliyechoka Kusujudu

Ndugu msomaji, wapo wanaodhani hadithi za kisayansi ni bunduki za mwanga na vyombo vya angani, basi. Hao sidhani kama wameitazama Stargate SG-1 kwa makini. Tamthilia hii ya televisheni ya Kimarekani ilianza 1997, ikiendeleza filamu ya 1994, na ilipomalizika 2007 ilikuwa imefikisha vipindi 214 katika misimu 10. Mimi binafsi naihusudu kwa jinsi ilivyojua kuvitumia visasili vya Misri ya kale.

Chukua Apophis. Katika visasili ni joka linaloivamia mashua ya Ra, mungu wa jua, kila usiku. Kwenye tamthilia ni mmoja wa Goa'uld, viumbe kama nyoka wanaoingia mwilini mwa binadamu, wakamtawala, kisha wakajitangaza miungu. Kumbe jina halikuokotwa tu ili lisikike la ajabu. Nyoka wa kale kabaki nyoka.

Lakini aliyeniteka hasa ni Teal'c, mkuu wa askari wa Apophis. Huyu bwana ana nembo ya mungu wake kwenye paji la uso, na tumboni amebeba kinda la Goa'uld linalomkinga na maradhi. Likitolewa, anakufa. Sasa mtu kama huyo akisema hawa si miungu, siyo mchezo! Anamkana anayemweka hai. Katika kipindi cha kwanza tu anawageuzia silaha askari wenzake, anawaokoa wafungwa, na kwao anaacha mke na mtoto. Teal'c si msemaji. Uzito wake tunaupima kwa kile anachopoteza.

Hata hivyo, ninalo la kugomba. Eti piramidi zilikuwa viwanja vya kutua vyombo vya miungu hao! Hapo wamechemsha. Makaburi ya mafundi waliozijenga yaligunduliwa Giza 1990, kabla hata filamu haijatoka. Wamisri wamechukuliwa miungu wao, halafu wakanyang'anywa na kazi ya mikono yao.

Basi, wenzangu chipukizi, tukichota kwenye visasili tujiulize: watu wakisujudu, nani anafaidika? SG-1 imeliuliza swali hilo vizuri sana. Sisi tuongeze la pili: mawe aliyabeba nani?