"Sumu ya Muda Mfupi": Kasoro ya Istilahi

Wafasiri kadhaa huandika "jaribio la sumu ya muda mfupi". Mkulima wa mpunga wa Kibiti, apambanaye na kaa wakatao miche yake katika delta ya Rufiji, ataelewa kuwa sumu hiyo huisha upesi. Sivyo. Kilicho kifupi ni jaribio: dafnia, viduduu wa maji baridi, huwekwa kwa saa 48 katika maji yenye kemikali, au kimeng'enya kama kile cha sabuni ya unga, kisha huhesabiwa walioshindwa kuogelea. DDT huwalemaza katika muda huo, nayo hudumu udongoni miaka mingi. Tuandike "jaribio la sumu la muda mfupi". Ni herufi moja tu inayobadilika.