Mfuatano wa DNA na Makao ya Nyukleosomu katika Hamira

Hamira inayoumua mandazi mjini Kisii na Nyamira, na inayochachusha pombe ya kimea cha wimbi vijijini, ni kuvu wa seli moja aitwaye Saccharomyces cerevisiae, ambaye kwa miaka kadhaa alikuwa uwanja wa mabishano: je, mfuatano wa DNA pekee ndio unaoamua nyukleosomu zikae wapi? Nyukleosomu ni kifundo cha protini nane ziitwazo histoni, kilichozungushiwa DNA ya jozi 147 za besi, na kwa kuwa DNA iliyofungwa hivyo haifikiwi kwa urahisi na protini zinazosoma jeni, mahali pa kila kifundo pana uzito wake.

Mwaka 2009 kundi la Eran Segal na Jonathan Widom lilichukua DNA ya hamira iliyovuliwa protini zote, likaichanganya na histoni za kuku katika chumvi iliyopunguzwa polepole, kisha likatumia kimeng'enya kinachokata DNA iliyo wazi na kusoma vipande vilivyonusurika. Ramani iliyopatikana ilifanana sana na ile ya seli hai, ishara kwamba mfuatano wa DNA ndio unaoongoza. Mwaka huohuo kundi la Kevin Struhl, kwa jaribio linalokaribiana na hilo, lilifikia hitimisho la kinyume, jambo lisiloshangaza sana, kwani mfanano huo ulitokana kwa kiasi kikubwa na sehemu tupu zenye besi A nyingi mfululizo, ambazo ni ngumu kupinda, ilhali safu ya nyukleosomu zilizopangika tangu mwanzo wa jeni haikujitokeza. (Kimeng'enya chenyewe, tena, hupendelea kukata penye A na T, hivyo sehemu hizo huweza kuonekana tupu kuliko zilivyo.) Safu hizo zilirejea mwaka 2011, kundi la Franklin Pugh na Philipp Korber lilipoongeza katika mchanganyiko wa aina hiyo majimaji ya seli za hamira pamoja na ATP, yaani nishati inayoendesha protini zinazosukuma nyukleosomu.

Jaribio lenye nguvu zaidi, hata hivyo, ni la mwaka 2012, ambapo Struhl, Oliver Rando na wenzao walipandikiza vipande virefu vya DNA ya hamira za spishi nyingine ndani ya S. cerevisiae. Penye A mfululizo, vianzio vya jeni vilibaki wazi kama kwao, lakini nafasi kati ya nyukleosomu ilifuata desturi ya mwenyeji, na sehemu tupu zisizotarajiwa zikazuka katikati ya jeni, nyingi kati yake zikaanza kutumika kama vianzio vipya, kila kimoja kikiwa na safu yake ya nyukleosomu.