Uwanda wa Goti Uliobonyea

Katika barabara itokayo Arusha kwenda Moshi, kuanzia Tengeru hata Usa River, iko ajali moja ambayo tabibu wa mifupa huitambua aghalabu kabla picha haijapigwa: bodaboda imegongwa ubavuni, na kijana aliyekuwa juu yake huletwa amelikumbatia goti kwa mikono miwili, limevimba, na mguu umepinda kuelekea nje.

Kichwa cha mfupa wa muundi, pale upokeapo uzito wa paja, ni kipana na bapa mithili ya uwanda, nacho kina pande mbili zisizolingana nguvu, kwani upande wa ndani ni imara, ilhali ule wa nje ni dhaifu zaidi. Chini ya gegedu laini lililotandazwa juu yake, mfupa ule ni mwororo mfano wa sifongo. Basi pigo likija kutoka nje, ncha ya chini ya mfupa wa paja hushuka juu yake kama mchi juu ya kinu, ikapasua ukingo, au ikaudidimiza uwanda wenyewe, au ikafanya yote mawili. Joseph Schatzker wa Toronto na wenziwe waliipanga mivunjiko hii mwaka 1979 katika aina sita: tatu za upande wa nje peke yake, ya nne ya upande wa ndani, ya tano ya pande zote mbili, na ya sita ni ile ambayo uwanda mzima umeachana na gogo la mfupa. Ikiwa daktari atalivuta goti kwa sindano, na damu ile ikatulia kidogo katika bakuli, juu yake huelea matone ya mafuta kama yaeleayo juu ya supu ya makongoro. Nayo ni mafuta ya uboho, shahidi kwamba mfupa umefunguka ndani ya kiungo.

Kabla ya kuwaza juu ya mfupa, sharti mapigo ya damu yapapaswe unyayoni, maana mshipa mkubwa hupita nyuma kabisa ya goti. Na misuli ya muundi ikivimba ikawa migumu kama ubao, na maumivu yakazidi kila vidole vinaponyoshwa, ngozi na utando wa misuli hupasuliwa saa ile ile, kwa kuwa kungoja asubuhi ni kuupoteza mguu.

Zamani wengi walifungwa hogo kuanzia pajani hata unyayoni kwa majuma mengi. Mfupa uliunga, lakini goti likawa gumu kama mlango ulioshika kutu. George Perkins wa London alifundisha kinyume cha hayo, na mwaka 1956 Alan Graham Apley akaeleza habari za wagonjwa 60 waliovunjika upande wa nje wa uwanda huo, ambao kila mmoja alipitishiwa pini mfupani chini ya mvunjiko, akafungiwa uzito wa kuuvuta mguu, kisha akaamrishwa kulikunja goti tangu siku za mwanzo. Maurice King, aliyekuwa mwalimu wa Makerere, aliisifu njia ya Perkins katika kitabu chake cha upasuaji wa majeraha cha mwaka 1987, kilichoandikwa kwa ajili ya madaktari wa hospitali ndogo. Nasema bila kusita kwamba njia hiyo si ya kudharauliwa. Pasipo vyuma vifaavyo wala mashine ya picha chumbani mwa upasuaji, kamba, pini na mazoezi ya kila siku vimeokoa magoti ambayo kisu cha haraka kingeyaharibu.

Hata hivyo uwanda uliodidimia hauinuki kwa kuvutwa. Hapo huhitajiwa upasuaji, nao huanza kwa subira: ngozi ikiwa imetuna na kung'aa haikatwi, bali hungojwa hata mikunjo yake irudi, pengine siku kumi au zaidi. Kisha hutobolewa dirisha dogo chini ya uwanda, chuma butu kikapitishwa humo na kugongwa polepole, mpaka gegedu lipande mahali pake. Pengo linalobaki hujazwa mfupa uliochukuliwa nyongani mwa mgonjwa mwenyewe, na skrubu zikapangwa chini yake kama boriti chini ya dari, zikishikwa na bamba ubavuni.

Kando ya Mlima Meru lipo jambo la kuangaliwa zaidi. Maji ya sehemu za Maji ya Chai na Ngarenanyuki yana floridi nyingi kupita kiasi, na waliokunywa maji ya namna hiyo tangu utotoni wako waliopinda miguu. Kwa hiyo kipimo cha kuunyosha mguu uliovunjika ni mguu wa pili wa mtu huyo, wala si mchoro wa kitabuni.

Baada ya upasuaji kazi ni ya mgonjwa: majuma sita hata kumi na mawili juu ya magongo, bila kuukanyagia mguu, huku goti likikunjwa kila siku. Kukunja kwa digrii 90 kwamtosha akaaye kitini. Lakini mtu wa Nkoaranga, ambaye atachuchumaa chooni na kuteremka kati ya migomba akiwa na mkungu begani, hahesabiwi kuwa amepona kwa digrii hizo.