Gofu la Hospitali na Namna ya Kulisoma

Kiswahili huliita jengo lililohamwa gofu, na mtu aliyekondeshwa na maradhi huitwa gofu la mtu. Lugha haikukosea kuyaweka mambo haya mawili katika neno moja. Nyumba iliyoachwa hufanana na mwili uliodhoofu: ngozi imebanduka, mifupa imetokeza, na kilichokuwa ndani chaonekana kwa kila apitaye. Lakini liko gofu moja ambalo neno hili lalifaa kuliko mengine yote, nalo ni gofu la hospitali. Maana hapo nyumba iliyojengwa ili kuwaponya watu imekuwa yenyewe ni gofu.

Siku hizi mahali pa namna hii pamepata wapenzi wengi. Wako watu Ulaya na Marekani ambao starehe yao ni kuruka nyua za hospitali zilizofungwa, kupiga picha za vitanda vyenye kutu, na kuandika habari za mizuka waliyodhani wameiona ukutani. Maandishi hayo yana mvuto, na sababu yake haijifichi: mwanadamu hupenda kutishwa akiwa salama. Walakini mhakiki hana budi kuuliza kama maandishi hayo yamwambia msomaji neno lolote lililo la hospitali. Ikiwa jina la hospitali laweza kuondolewa, likawekwa la ngome au la kiwanda, na habari isipungukiwe na kitu, basi mwandishi hakuisoma hospitali. Amesoma woga wake tu.

Fasihi ya Kiswahili si changa katika usomaji wa magofu. Yapata karne mbili zilizopita Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alitunga Al-Inkishafi, utenzi ambao beti zake hazifiki mia moja, lakini uzito wake ni mkubwa kuliko wa vitabu vingi vinene. Aliyatazama majumba ya Pate yaliyokuwa na taa, mazulia na vyombo vya kauri, akaona sasa ni makao ya popo na ndege wa mwitu. Hakuyaeleza hayo ili kumtisha mtu. Alikuwa akiuonya moyo wake mwenyewe usidanganywe na dunia, na gofu likawa ushahidi wake. Tangu hapo msomaji wa Kiswahili amezoea kuliona gofu kama mwalimu anayefundisha somo moja, yaani ubatili wa fahari.

Somo hilo ni la kweli, lakini halitoshi hospitalini. Jumba la tajiri wa Pate lilijengwa ili lionekane, na mwenyewe aliingia kwa maringo. Hospitalini mtu huingia akibebwa, naye hana la kujivunia. Kusimama mbele ya kitanda kitupu cha mgonjwa na kusema kwamba dunia ni ubatili ni sawasawa na kumwambia mwenye njaa kwamba chakula huoza. Gofu la jumba huuliza: kiburi kimekwenda wapi? Gofu la hospitali huuliza: wagonjwa wamekwenda wapi, na ni nani awatibuye sasa? Swali la kwanza hujibiwa kwa toba. La pili hutaka hesabu.

Jinsi hesabu hiyo ilivyo ngumu huonekana katika nchi ya Kilosa na Mikumi, mkoani Morogoro. Kilosa ni mji wa reli. Reli ya Kati iliyofika Morogoro mwaka 1907, ikafika Tabora mwaka 1912, ilipita hapo karibu na mto Mkondoa. Mikumi ni mji wa barabara, uliokua kando ya njia kuu iendayo Iringa. Na mwaka 1964 pori lililo jirani yake likafanywa Hifadhi ya Taifa. Kilosa ina hospitali yake ya wilaya, na Mikumi ina Hospitali ya Mtakatifu Kizito. Zote mbili ni hai na zina wagonjwa. Basi mwenye kutafuta jengo kubwa la kutisha, lenye wodi mia na milango inayolia kwa upepo, aweza kuondoka amevunjika moyo. Lakini kosa si la nchi. Kosa ni la jicho lililofundishwa kwamba historia ya tiba imo katika majengo makubwa tu.

Mashariki ya mji wa Kilosa, upande wa Kimamba na Rudewa, palikuwa na mashamba ya mkonge. Sheria za ukoloni zilimtaka mwajiri amtunze kibarua aliyeugua kazini. Kwa hiyo shamba kubwa lilikuwa na dresa wake na zahanati yake. Manamba aliyetoka mbali akaja kukata mkonge kwa kipande alipimwa, akachomwa sindano, akarudishwa shambani. Zahanati hiyo ilikuwa sehemu ya shamba kama korona ya kuchambulia mkonge ilivyokuwa sehemu ya shamba, na afya ilihesabiwa kwa siku za kazi. Katikati ya miaka ya 1960 Tanganyika ilitoa zaidi ya tani 200,000 za mkonge kwa mwaka; katika miaka ya 1990 hazikufika 50,000. Kamba za viwandani zilikuwa zimeuangusha mkonge sokoni, na mashamba mengi yaliyotaifishwa mwaka 1967 hayakusimama tena. Shamba linapokufa, zahanati yake hufa nalo, hata kama watu waliokuwa wakiitegemea bado wanaishi palepale na bado wanaugua. Hapa msomaji wa magofu hujifunza jambo ambalo mpenda mizuka hawezi kumfundisha: hospitali nyingi haziuawi na tauni wala na laana. Huuawa na bei.

Tofauti ya miji hii miwili ina maana yake. Mikumi kichaka kina hati ya serikali. Kimepewa haki ya kuwapo, na watu hulipa ili wakitazame. Kichaka kinachoota juu ya sakafu ya zahanati hakikuomba hati kwa mtu. Mgeni aliyetoka kuwatazama tembo asubuhi aweza kukipenda kichaka hiki cha pili kwa jicho lilelile, akasema kwamba maumbile yamerudisha kilicho chake. Maneno hayo ni mazuri katika hifadhi. Juu ya zahanati iliyokufa ni maneno ya mtu ambaye hakuwahi kutembea maili nyingi akiwa na mtoto mwenye homa mgongoni.

Tena ziko hospitali ambazo hazikupata hata heshima ya kuwa gofu. Majeshi ya upande wa Waingereza yaliingia Kilosa tarehe 22 Agosti 1916, yakiwafuata Wajerumani waliokuwa wakirudi nyuma. Nyuma ya kila jeshi walikuwako wapagazi waliobeba chakula na risasi kichwani. Walikufa kwa makumi ya maelfu katika vita vile, na zaidi waliuawa na kuhara damu, malaria na kichomi kuliko risasi. Jina la Kariakoo la Dar es Salaam limetokana na kikosi chao. Wagonjwa wao walilazwa chini ya mapaa ya nyasi, juu ya vitanda vya fito, na mvua za miaka miwili mitatu zilitosha kuyafuta hayo yote. Hakuna atakayekwenda kuvipiga picha vibanda hivyo. Jiwe hukumbuka na nyasi husahau; kwa hiyo yeye asomaye mawe peke yake amekubali bila kujua kwamba waliolala chini ya nyasi hawakuwapo.

Dar es Salaam yatoa mfano wa jambo lilo hilo. Sewa Haji, tajiri aliyefariki mwaka 1897, alitoa mali yake ili ijengwe hospitali ya watu wasiokuwa Wazungu. Wazungu nao wakajengewa yao ufukweni, ikafunguliwa mwaka huohuo wa 1897. Hii ya pili ingali imesimama, na leo ni mahali pa kutibia saratani, ikimpokea kila mtu bila kuangalia rangi yake. Ile ya kwanza haipo tena. Kilichosalia ni jina la Sewahaji katika jengo mojawapo la Muhimbili. Mwenye kuhesabu kuta atasema tiba ilianzia kwa Wazungu, lakini mwenye kuhesabu majina atajua zaidi.

Kwa sababu hizi yafaa kukitaja kitabu kimoja kilichojaribu kusoma mabaki ya tiba kwa uangalifu. Kinaitwa Traces of the Future, kilitolewa mwaka 2016 chini ya uhariri wa Paul Wenzel Geissler na wenzake watatu, nacho chahusu vituo vya tiba na utafiti vilivyopoteza nguvu zake: Uzuakoli katika Nigeria, Ayos katika Kamerun, na vingine, kikiwamo kituo cha Amani katika milima ya Usambara Mashariki. Amani ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902 kwa utafiti wa mimea na kilimo. Baada ya Vita vya Pili ikawa makao ya utafiti wa malaria. Kisha Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977, na baadaye kazi yenyewe ikahamia Muheza. Ubora wa kitabu umo katika shabaha yake. Hakitafuti mizuka wala hakiwasuti waliotangulia. Chatafuta mategemeo: chupa, kadi na darubini husomwa kama alama za siku njema ambazo watu walizingojea na hazikufika. Pia hakiwasahau watumishi waliobaki wakifagia na kulinda, kama mtu anayeweka nyumba tayari kwa msafiri.

Kasoro yake kubwa ni ya lugha. Kimeandikwa kwa Kiingereza, hali kumbukumbu za Amani zilisemwa na kusikilizwa kwa Kiswahili. Mlinzi aliyetoa habari hana njia rahisi ya kuisahihisha. Na picha za Evgenia Arbugaeva wa Urusi, alizopiga Amani kwa kufuata kumbukumbu za mtumishi mmoja wa zamani wa maabara, zina ukungu na mwanga wa ndoto. Ni nzuri mno, na hapo ndipo penye hatari. Ndoto humpumzisha mtazamaji, naye hukumbuka uzuri wa upweke akasahau kuuliza malaria iliyokuwa ikichunguzwa imekwisha au haijakwisha.

Liko jambo jingine ambalo waandishi wengi wa magofu hulipita haraka, nalo ni madhara. Popo wa Al-Inkishafi walikuwa mfano wa maneno. Popo wa gofu la leo huacha mavi yanayoweza kuotesha kuvu, na vumbi lake huingia mapafuni. Mapaa ya asbesto yaliyovunjika hutoa nyuzi zisizoonekana kwa macho, ambazo huweza kuleta saratani baada ya miaka ishirini au arobaini. Vipimajoto vilivyopasuka humwaga zebaki, nayo watoto huiona mchezo.

Hatari kubwa kuliko zote ilionekana Goiânia, katika Brazil, mwaka 1987. Zahanati ya kutibia kwa mionzi ilikuwa imehama, na mashine moja ikaachwa ndani. Watafuta vyuma chakavu waliibomoa, wakauza kifuko kilichokuwa na sesiamu 137. Unga wake uling'aa buluu gizani, ukagawiwa ndugu na jirani kama kitu cha thamani. Watu wanne walifariki, akiwamo mtoto wa kike wa miaka sita. Watu 249 walikutwa na unga huo mwilini au ndani yao, na zaidi ya 100,000 walipimwa. Walioingia katika jengo lile hawakufuata starehe, walifuata riziki. Afrika Mashariki nayo ina wanunuzi wa vyuma chakavu na vijana wanaoviokota. Basi habari ya gofu isiyotaja hatari imemwacha kijana huyo aingie peke yake.

Pamoja na madhara ya mwili yako madhara ya heshima. Hospitali iliyohamwa huacha madaftari, na ndani yake mna majina: huyu alikuwa na ukoma, yule kaswende, yule aliletwa amefungwa kamba kwa kuugua akili. Siri ya mgonjwa haianguki pamoja na paa. Mpiga picha anayeuonyesha ukurasa ule kwa watu wote amevunja ahadi aliyoitoa dresa miaka sitini iliyopita, na wajukuu wa mgonjwa huenda bado wanaishi kijiji kilekile.

Kwa hiyo maandishi mema juu ya gofu la hospitali yapimwe kwa mambo matatu: yamtaje mgonjwa bila kumfedhehesha, yaonye juu ya kinachodhuru, na yaseme ni nani aliyeondoka na kwa sababu gani. Kilosa kazi hiyo haiwezi kungojea sana. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 mafuriko ya Mkondoa yaliwatoa maelfu ya watu katika nyumba zao, na maji hayachagui karatasi ya kuihifadhi. Mwaka 2024 treni za reli mpya zilianza kupita Kilosa zikielekea Dodoma, na abiria wake hupita kasi kuliko wazee wao waliokuja kwa garimoshi kuutafuta mkonge. Waliobaki miongoni mwa wale waliofanya kazi kwa kipande ni wazee sana. Wao wajua zahanati ilikuwa wapi, dresa aliitwaje, na siku gani mlango ulifungwa usifunguliwe tena. Habari hiyo haimo katika jiwe lolote, na Kiswahili ndiyo lugha iliyomo.